Spook, penseli au popa: vyambo vya juu ya maji kwa straipa wa Septemba

Ukiwa na dola 50 na unataka kumvua straipa (striped bass wa Marekani) juu ya maji mwezi wa Septemba, nunua chambo bandia kiitwacho Heddon Super Spook cha inchi 5, ongeza mdogo wake Super Spook Jr, na fedha yote itakayobaki ipeleke kwenye ndoana na pete zinazozishika. Ukivulia kwenye mkondo mkali au pwani ya mawimbi, anza na popa penseli ya aunsi 2 au zaidi badala ya Spook. Popa yenye mdomo uliochongwa ndani ingoje siku ya upepo. Na lile dude la inchi 9 liitwalo Doc, ambalo wenye boti hawachoki kulisifu, liache dukani mpaka uwe na fimbo ya kulirusha na samaki wa kulifuata.

Huo ndio uamuzi wetu. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na marekebisho ambayo kila kimoja kinahitaji kabla ya kuingia baharini, maana karibu vyote huuzwa vikiwa kazi nusu.

Kwa nini Septemba

Straipa ni samaki wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye milia saba au minane myeusi inayokwenda kutoka nyuma ya shavu hadi mkiani. Wengi huzaliwa kwenye mito inayomwaga Chesapeake Bay, wengine Delaware na Hudson. Wakishakua hupanda kaskazini baridi inapokwisha, hukaa miezi ya joto kati ya New York na Maine, kisha hurudi kusini maji yakianza kupoa. Waswahili walioko Boston, New York au Portland ya Maine wanaishi kwenye njia hiyo hiyo, na wengi wanaweza kumfikia kwa basi na miguu, bila boti.

Kusini mwa Cape Cod, rasi ya Massachusetts, Septemba huanza maji yakiwa na joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na kufikia katikati ya Oktoba huwa yanakaribia 15. Straipa hula kwa nguvu kati ya 13 na 20. Wakati huo huo watoto wa menheden waliozaliwa mwaka huo, samaki wapana wa jamii moja na simu wetu, hutoka kwenye mito na hori kwa makundi makubwa wakiwa na urefu wa inchi 3 hadi 5. New Jersey na pwani ya kusini ya Long Island hupitiwa na mkizi wadogo wanaoambaa ufukweni. Hasira ya mkizi kila mvuvi wa kwetu anaijua. Huku anayeifaidi kwanza ni straipa. Cape Cod Canal nako huingia vibua wa Atlantiki, wa inchi 8 hadi 12.

Mawindo yote haya hukaa juu juu, na straipa huwasukuma mpaka uso wa maji uwe ukuta wao wa mwisho. Ndiyo maana chambo cha juu, ambacho Julai hufanya kazi nusu saa tu ya mapambazuko, Septemba kinaweza kuendelea kupigwa hadi saa tatu asubuhi, na siku ya mawingu mchana kutwa. Macho ya straipa yakiwa juu, umbo la kitu kinachokatiza uso wa maji linatosha. Rangi yake kamili haiongezi sana. Tunasema hivi mapema kwa sababu fedha nyingi hupotea kwenye rangi.

Heddon Super Spook

Super Spook ina urefu wa inchi 5 na uzito wa robo tatu ya aunsi na ushei, yaani 7/8. Jr ni inchi 3½ na nusu aunsi. Zote ni za plastiki yenye uwazi ndani, zina gololi zinazogonga, na zimetengenezwa zikiwa na uzito upande wa mkia ili kichwa kikae juu kidogo. Bei yake kwa kawaida haifiki dola 15. Heddon ni kampuni ya zamani kutoka Dowagiac, Michigan, na chambo hiki asili yake ni samaki wa maziwa, si wa bahari. Sifa zake zote na kasoro zake zote zinatoka hapo.

Sifa: hakuna chambo tunachokijua kinachokata kushoto na kulia kwa urahisi kiasi hiki. Unashusha ncha ya fimbo ielekee majini, unapiga kifundo cha mkono kwa ufupi, kisha unaurudisha mkono haraka ili mshipi ulegee. Kichwa kinaruka upande mmoja. Pigo la pili kinaruka upande wa pili. Siri yote iko kwenye ule ulegevu baina ya pigo na pigo. Anayevuta mshipi ukiwa umekaza atakiona chambo kinakuja moja kwa moja kama kijiti, atakilaumu chambo, na kosa ni la mkono. Rili izungushwe kwa kukusanya ulegevu tu, isivute chambo.

Mwendo wa kuanzia ni pigo moja kwa sekunde hivi. Samaki akifuata bila kupiga, ongeza kasi badala ya kusimama. Mawindo yanayokimbizwa hayasimami kupumzika. Kwenye maji tulivu sana ya alfajiri ndipo kusimama kwa sekunde mbili kunapolipa, na hapo shika fimbo vizuri, kwa sababu pigo la samaki huja chambo kikiwa kimelala.

Kasoro ni ndoana. Super Spook huja na tatu za ncha tatu tatu, na mara nyingi ni za waya unaomfaa samaki wa ziwani. Straipa wa inchi 30 ana ratili 10 hadi 12 na anajua kuutumia mkondo. Akigeuza ubavu kwenye maji yanayokwenda, waya mwembamba hufunguka. Ndoana ya katikati nayo ina tatizo jingine: samaki akinaswa na ya mbele, hiyo ya katikati huzunguka ikamdunga jichoni au kwenye matamvua. Kwa hiyo kabla ya kurusha mara ya kwanza:

Toa ndoana ya katikati usiirudishe. Mbele weka ya ncha tatu namba 1/0 ya waya mnene, ile inayoandikwa 4X kwenye pakiti. Mkiani weka ndoana moja peke yake, namba 3/0 au 4/0, ya aina ambayo tundu lake limelala sambamba na ncha. Ukichukua ndoana ya kawaida yenye tundu la kukingama, juu ya pete moja italala ubavu na haitashika sawasawa. Hili ndilo kosa la wengi wanaojaribu ndoana moja mara ya kwanza halafu wakairudia ya ncha tatu wakidhani haishiki. Ncha ya ndoana ya mkia ielekee juu. Pete ziwe zinazohimili ratili 60 au zaidi. Nunua na koleo ya kufungulia pete, ile yenye jino mdomoni. Kucha na kisu vitakuharibia pete kabla haijaanza kazi.

Kisha kijaribu kwenye ndoo ya maji ya bahari. Maji ya bomba ni mepesi kuliko ya chumvi, na chambo kitaonekana kizito kuliko kitakavyokuwa. Mkia unatakiwa kushuka kidogo na kichwa kitokeze. Kikisimama wima, ndoana ya mkia ni nzito mno: kitarukaruka bila kukata pembeni, hivyo shuka hatua moja ya ukubwa. Kikilala kabisa, kitakata pembeni vizuri lakini kwenye mawimbi kitapinduka. Kwa Jr, yenye ndoana mbili tu, utaratibu ni huo huo, ila mbele weka namba 2 au 1, na mkiani 1/0 au 2/0. Mwili wake mdogo haubebi chuma kingi.

Kuhusu kazi zao: Jr ni ya ndani ya ghuba na mdomo wa mto, maji yakiwa yanatoka na menheden wa inchi 3 wakiteremka nayo. Ile kubwa ni ya kila mahali pengine ambapo upepo si mkali na huhitaji kufika mbali. Robo tatu ya aunsi na ushei haishindani na upepo wa usoni. Ukijikuta unarusha kwa hasira, umeshachagua chambo kisicho cha siku hiyo.

Popa penseli

Penseli ni kijiti kirefu chenye kichwa chembamba na mkia mnene uliobeba risasi. Kwa kuwa uzito uko nyuma, huruka mkia ukitangulia na hufika mbali kuliko chambo kingine chochote cha juu chenye uzito sawa. Majini husimama nusu wima, na unapotikisa fimbo kichwa hupiga maji kulia na kushoto, kikirusha povu kwa fujo huku chambo chenyewe kikisogea kidogo sana. Hilo ndilo tunalolinunua: fujo nyingi, mwendo mdogo. Straipa aliye chini kwenye mkondo anapata muda wa kupanda.

Nyumbani kwake hasa ni Cape Cod Canal, mfereji wenye upana wa futi 480 unaounganisha Buzzards Bay na Cape Cod Bay. Mkondo wake hugeuka kila baada ya saa sita hivi na kufikia maili 4 hadi 5 kwa saa. Stan Gibbs, mchonga vyambo aliyevifanya vya mbao kuwa silaha ya mfereji huo, ana sanamu yake Buzzards Bay, na penseli za mbao zenye jina la Gibbs bado zinauzwa. Kuvua kwa boti ndani ya mfereji ni marufuku, kwa hiyo mtu wa miguu hapa hana wa kumkata njia. Barabara ya kazi inafuata kingo zote mbili, na watu huendesha baiskeli wakiwatafuta samaki wanaochemsha maji.

Tulilinganisha aina mbili. Ya plastiki ni Cotton Cordell Pencil Popper, inayopatikana kwa inchi 6 yenye aunsi 1 na inchi 7 yenye aunsi 2. Chukua ya inchi 7. Ile ya aunsi 1 ni nyepesi mno kwa fimbo ndefu ya ufukweni na nzito mno kwa fimbo fupi ya ghuba. Sijui ilikusudiwa nani. Ya aunsi 2 inaruka vizuri, inatikisika vizuri, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba ukiiacha kwenye mwamba hulii. Badilisha ndoana na pete zake kama ulivyofanya kwa Spook. Mwili wa plastiki wenye uwazi ndani ukigonga jabali wakati wa kurusha unaweza kupasuka kwenye mshono, na ukiingia maji hata kijiko kimoja mkia utazama na chambo kimekwisha. Kitikise sikioni kila baada ya kugonga mwamba.

Ya mbao, kama ya Gibbs au Guppy, inagharimu mara mbili au tatu zaidi. Unachokilipia ni waya mmoja mnene unaopita mwili mzima kutoka puani hadi mkiani, na ndoana ya tumbo iliyofungwa kwenye waya huo kwa swiveli, kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka. Mbao ikipasuka mdomoni mwa samaki, samaki bado yuko kwenye waya. Pia mbao nzito hukaa chini zaidi majini na haichezeshwi ovyo na mawimbi. Kasoro yake ni rangi: blufishi, yule jirani mwenye meno anayetembea na straipa mwezi huo, huichubua mpaka mbao tupu, na maji yakipenya kwenye mbao huongeza uzito na kubadili mkao. Kichupa kimoja cha rangi ya kucha isiyo na rangi inatosha kuziba michubuko ya msimu mzima. Kwa mfereji na kwa miamba ya Montauk (New York) au Narragansett (Rhode Island) tunapendekeza ya mbao, yenye aunsi 2½ hadi 3. Kwa ufukwe wa mchanga, ya plastiki haina ubaya.

Namna ya kuitikisa inawashinda wengi kwa sababu wanaitumia mikono peke yake. Kitako cha fimbo kibane katikati ya mapaja au kwapani. Mkono ulio juu ya rili ushike fimbo mbele kabisa ya mpini na uitikise kwa mapigo mafupi mfululizo, ncha ndiyo ifanye kazi. Mkono wa rili uzungushe polepole, mzunguko mmoja kwa mapigo matatu au manne. Ukiona chambo kinatoka majini na kurukaruka, unazungusha haraka mno. Ukiona kinajikokota bila povu, fimbo yako ni ngumu mno. Penseli inataka fimbo ya futi 10 au 11 inayopinda mpaka katikati, si ile inayopinda ncha tu. Kabla ya kununua penseli ya tatu, iangalie fimbo yako.

Mfereji una somo lake: rusha kidogo kuelekea mkondo unakotoka, kusanya ulegevu, na anza kutikisa chambo kikifika mbele yako. Mapigo mengi ya samaki huja kikipita mbele na kuanza kuteremka. Kikishafika chini kabisa ya mkondo, kitoe. Kutikisa dhidi ya mkondo wa maili 4 kunakizamisha kichwa.

Popa yenye mdomo

Super Strike Little Neck Popper ndiyo tunayoijua vizuri kwenye kundi hili, na hatujaona haja ya kutafuta nyingine. Ni ya plastiki ngumu, ina waya wa kupita mwili mzima, na inapatikana kwa uzito mbalimbali, ya kuelea na ya kuzama. Wengi hununua ya kuelea na kusahau ya kuzama. Ni kinyume cha tunavyofanya. Ya kuelea ni nzuri maji yakiwa yametulia, lakini maji yakitulia Spook inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ya kuzama ndiyo yenye nafasi isiyo na mshindani: upepo wa usoni, mawimbi ya futi 4, povu jeupe kila mahali. Inapenya upepo kama jiwe, na kwa kuwa inakaa chini kidogo, wimbi haliipindui.

Kanuni yake moja: anza kuvuta kabla haijagusa maji. Funga rili chambo kikiwa bado hewani, nyanyua fimbo, na kikitua kiwe tayari kinakuja. Ukichelewa itakuwa chini na ndoana zitakusanya mwani. Vuta kwa mwendo usiokatika, na kila baada ya hatua chache piga fimbo pembeni mdomo umeze maji na kuyatema. Waliomrushia kolekole popa kubwa huko Watamu au Mafia huja na mkono wa nguvu mno: ule mvuto mrefu wa kumtikisa kolekole hapa unakirusha chambo nje ya maji. Straipa anataka pigo la kifundo cha mkono, si la bega.

Njano ni rangi ya asili ya popa ufukweni na tunaikubali kwa maji yenye mchanga. Nyeupe kwa yote mengine.

Doc

Musky Mania Doc ilitengenezwa kwa ajili ya samaki mkubwa wa maziwa ya kaskazini, na wavuvi wa straipa wakaiazima. Ina inchi 9, inagonga kwa sauti nzito, na inakata pembeni kwa upana mkubwa na polepole. Juu ya kundi la menheden wakubwa wa inchi 12, ukiwa kwenye boti, hakuna kinachoifikia. Nje ya hali hiyo ni mzigo: inataka fimbo inayorusha hadi aunsi 4, mabega mazuri, na samaki wasiokuwa wanakula vichanga vya inchi 3. Mwanzo wa Septemba, hao wanaokula vichanga ndio wengi. Tena straipa wanaoipiga kwa kawaida ni wakubwa kuliko wale sheria inaowaruhusu ubebe, kwa hiyo punguza ndoana zake na ubonyeze vijino vyote vinavyozuia ndoana kuchomoka.

Vitu vinavyoiharibu kazi

Swiveli mbele ya chambo. Uzito wake unavuta pua chini na Spook inaacha kukata pembeni. Funga kwa klipu ndogo isiyo na swiveli, au kwa fundo la kitanzi kisichobana.

Lida laini, yaani kile kipande cha mshipi kati ya mshipi mkuu na chambo. Mshipi mkuu uwe wa kusuka, ratili 20 hadi 30 ghubani, 30 hadi 50 kwenye miamba na mfereji, kwa sababu hauvutiki na kila pigo la mkono linafika. Lakini mshipi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja, utajisokota kwenye ndoana ya mbele kila chambo kinapogeuza kichwa. Lida ya nailoni ya ratili 40, ndefu futi 2½ au 3, ni ngumu kiasi cha kukaa mbali na ndoana. Nailoni ya kawaida ni bora kuliko fluorokaboni hapa, maana fluorokaboni huzama. Blufishi wakiwepo panda hadi ratili 60. Waya wa chuma utakuokolea chambo lakini utaua mwendo wake.

Kukurupuka. Straipa mara nyingi hupiga chambo kwa mkia, au hukikosa mara mbili kabla ya kukishika. Ukivuta kwa kuona povu, unamnyang'anya, na chambo chenye ndoana kinakurudia usoni. Endelea na mwendo ule ule mpaka uhisi uzito kwenye fimbo, kisha inua kwa kukaza. Miwani si ya urembo. Breki ya rili iachie kwenye ratili 8 hadi 10.

Samaki wanaokula vitu vidogo kupita chambo chako. Anchovi wa inchi 2 wakiwa wengi, maji yatachemka pande zote na Super Spook itapita katikati bila kuguswa. Shuka hadi Jr. Jr ikikataliwa, weka chambo cha juu mfukoni na funga kichuma kidogo au mpira mwembamba. Kung'ang'ania ni kuwapigia samaki ngoma.

Mwani. Baada ya siku mbili za upepo wa kaskazini-mashariki maji yanajaa vipande vinavyoelea, na ndoana ya ncha tatu inavizoa vyote. Hakuna chambo kati ya hivi kitakachokusaidia. Nenda ghubani, au upande wa pwani ambao upepo unatokea nchi kavu.

Wakati na maji

Maji yakienda, nenda. Yakisimama, kunywa chai. Ghubani tunapendelea saa mbili za mwisho za maji kutoka zikikutana na mapambazuko. Kwenye miamba, maji yanayojaa huleta povu jeupe ambamo straipa hujificha, na siku za bamvua huwa na nguvu kuliko za maji mafu, ila mwani pia huongezeka. Mfereji hutegemea mkondo: ukigeuka na kuanza kwenda mashariki alfajiri, hapo ndipo umati unapojaa kingoni.

Septemba ni pia msimu wa vimbunga vya Atlantiki. Kimbunga kilicho mamia ya maili baharini kinaweza kuleta mawimbi makubwa chini ya anga safi, mengine yakitanguliwa na utulivu wa dakika kadhaa. Kabla ya kupanda mwamba, simama mbali uutazame kwa muda. Viatu viwe na njumu za chuma, suruali ya mpira iwe na mkanda uliokazwa kiunoni, na jaketi la kuelea liwe mwilini.

Sheria na kumrudisha

Tangu 2023, kwenye pwani ya bahari straipa anayeruhusiwa kubebwa ni wa inchi 28 hadi 31, mmoja kwa siku. Hifadhi hii ina historia: idadi ya straipa iliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na Maryland ikafunga uvuvi wake kabisa kuanzia 1985 hadi 1990. Majimbo yana vibali vyao na tofauti zao, hasa Chesapeake na mto Hudson, kwa hiyo fungua ukurasa wa jimbo lako kila mwanzo wa msimu. Zaidi ya maili 3 za baharini kutoka pwani, kumvua straipa ni marufuku hata kama utamwachia. Sheria inayolazimisha ndoana ya duara (circle hook) inahusu chambo halisi cha samaki, haivihusu vyambo hivi bandia.

Kwa kuwa wengi utakaowanasa watarudi majini, bonyeza vijino vya ndoana kwa koleo ukiwa nyumbani. Maji ya mwanzo wa Septemba bado ni ya vuguvugu na samaki huchoka upesi, hivyo mlete kwa haraka, mtoe ndoana akiwa majini ukiweza, na mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukibeba tumbo. Mwelekeze kichwa kwenye mkondo mpaka akiume kidole au apige mkia mwenyewe.

Ukirudi, suuza vyambo vyote kwa maji ya bomba na vianike wazi, vya mbao visirudi kwenye boksi vikiwa na unyevu. Kutu huanzia kwenye pete, si kwenye ndoana. Pete ikishapata doa la kahawia mahali waya mbili zinapokutana, itupe, hata kama ndoana yake bado inashika kucha.